Fundi wa Mavazi ya Mchezo

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za mtu ambaye kazi yake imetazamwa na watu maelfu kwa maelfu, walakini wengi wao hawaujui uso wake. Ni Bwana Paul Tazewell wa Marekani, naye ni fundi wa kubuni mavazi wanayovaa waigizaji jukwaani.

Labda mmoja wenu atasema, "Nguo tu! Hizo nazo ni za kuhutubiwa?" Hata sisi hapo kwanza tulidhani hivyo. Lakini fikirini: mtu akitokea njiani kwa mbali, hamjaisikia sauti yake wala hamjauona uso wake, nanyi mwajua kwamba ni askari, au bwana arusi, au mtu aliyefiwa. Nani aliyewaambia? Ni nguo zake. Fundi wa mavazi ya mchezo huitumia siri hiyo kwa makusudi, ili watazamaji wamjue mtu kabla hajafumbua kinywa.

Bwana Tazewell alizaliwa mwaka wa 1964 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Mama yake ndiye aliyemfundisha kushona, naye angali mtoto. Katika ujana wake alipenda sana kuigiza na kucheza, akatamani awe mtu wa jukwaani. Lakini aliona kwamba katika nchi yake mwigizaji mweusi hupewa nafasi chache, kwa ajili ya rangi yake. Bali mwenye kubuni nguo aweza kuwavika wafalme na watumwa, watu wa kale na watu wa leo, wala haulizwi sura yake. Basi akaichagua sindano. Twakiri kwamba habari hiyo ilitutia simanzi kidogo, maana si jambo rahisi kuacha ukipendacho, na sababu yenyewe si uvivu wala upungufu wa akili. Alisoma kazi hiyo katika chuo cha sanaa cha North Carolina, kisha katika chuo kikuu cha New York.

Katika mwaka wa 2015 ulitokea New York mchezo uitwao Hamilton, alioutunga Bwana Lin-Manuel Miranda. Wasimulia maisha ya Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, aliyepigwa risasi na Aaron Burr mwaka wa 1804 katika pambano la watu wawili. Wale waasisi wa nchi walikuwa wazungu, lakini waigizaji wengi katika mchezo huu walikuwa weusi na watu wa asili nyingine, na nyimbo zake ni za vijana wa siku hizi. Sasa, watu kama hao utawavika nini? Ukiwavika nguo za leo tu, historia yapotea. Ukiwavika za kale kutoka utosini hata unyayoni, wenyewe wanafichwa.

Bwana Tazewell alilijibu swali hilo kwa namna iliyotupendeza mno. Kutoka shingoni kwenda chini, makoti, vizibao na suruali za magotini, yote ni ya karne ya 18. Kutoka shingoni kwenda juu wakaachwa kama walivyo, kila mtu na nywele zake. Wachezaji wa kundi aliwavika nguo zenye rangi ya ngozi ya kuandikia ya zamani, kana kwamba ni karatasi isiyoandikwa bado. Wakitwaa makoti ya buluu, mara wamekuwa jeshi. Tena mwigizaji mmoja huwa Lafayette katika sehemu ya kwanza, na katika sehemu ya pili huwa Jefferson. Watazamaji wasichanganyikiwe vipi? Jefferson hutoka amevaa koti la mahameli ya zambarau, kwa mbwembwe nyingi, na hakuna anayeuliza huyu ni nani. (Na mmoja wa rafiki za Hamilton, Hercules Mulligan, kwa kweli alikuwa mshona nguo, akazipeleleza siri za maofisa wa Kiingereza waliokuja dukani kwake. Mafundi wana masikio!)

Msidhani kwamba kazi huisha nguo ikishapendeza. Michezo ya Broadway huchezwa mara nane kwa juma. Nguo hulowa jasho, huvutwa, hufuliwa, na mvaaji hana budi kuruka ndani yake bila kuichana. Mahali pengine mwigizaji hupewa muda mchache tu gizani kubadili vazi zima, kwa hiyo vifungo lazima vifunguke upesi. Hayo yote mtazamaji hayaoni, na fundi hufurahi kwamba hayaoni.

Kwa mavazi ya Hamilton alipata tuzo ya Tony mwaka wa 2016. Tarehe 2 Machi 2025 akapewa tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu ya Wicked, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuipata kwa kazi hiyo. Bibi Ruth E. Carter, mwanamke mweusi, alikuwa amekwisha kuipata mwaka wa 2019. Bwana Tazewell alikuwa na umri wa miaka 60. Mchezo wake wa kwanza wa Broadway ulikuwa mwaka wa 1996. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa 2025 alirudi jukwaani kwa Tony ya pili.