Dawa za Mafundi katika Udongo na Saruji
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama, Olenguruone



Nimeombwa niseme machache juu ya vitu ambavyo mafundi hutia katika udongo na saruji ili kazi iende vizuri. Jambo hili si dogo. Mtu wa hapa kwetu huuza maziwa na viazi miaka mingi ili apate nyumba moja; ukuta wake ukianguka, miaka ile haimrudii.

Nianze na urithi wetu. Mama zetu waliokandika kuta waliijua kazi yao. Mavi ya ng'ombe yana nyuzi za majani, nazo huushika udongo usipasuke unapokauka. Nyasi kavu zilizokatwa fupi hufanya vivyo hivyo. Tena udongo uliolowekwa na kukanyagwa vema hushikana kuliko ule ulioharakishwa. Huko pwani nako wazee walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, kisha wakaiacha ikomae kabla ya kuitumia. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ingali imesimama.

Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka wa 1954, ilienea upesi katika nchi yetu, nasi tukadhani kwamba dawa za udongo zaifaa saruji pia. Sivyo. Sukari kidogo huchelewesha saruji kushika. Ikizidi, yaweza kuiharibu kabisa. Sabuni hufanya mchanganyiko uwe laini juu ya mwiko, lakini povu lake huacha vitundu, na vitundu vikizidi ukuta hupungua nguvu. Chumvi huvuta unyevu na kuleta kutu katika vyuma. Baya zaidi ni kuongeza maji katika saruji iliyokwisha kuanza kuwa ngumu: hulainika machoni pa fundi, lakini nguvu yake imepotea.

Liko na jambo la kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Udongo hufura kwa mvua na hunywea kwa jua. Saruji haiwezi kuufuata. Mvua zetu za Mau zikipenya katika ufa, maji hukaa nyuma ya lipu yasipate pa kutokea, na siku moja lipu hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Ukuta wa udongo wataka kukandikwa kwa udongo, au kupakwa chokaa.

Basi nawashauri hivi. Kwanza, sugueni mchanga mbichi kiganjani; ukiacha matope, uoshwe. Pili, fundi asichanganye saruji zaidi ya ile atakayoimaliza kwa muda wa saa moja. Tatu, lipu mpya ifunikwe kwa magunia yaliyolowa, nayo inyweshwe maji siku 7, maana baridi yetu huichelewesha kukomaa. Nne, mwenye nyumba amwulize fundi kila anachotia ndani ni cha kazi gani. Fundi mwema hatachukizwa na swali hilo. Naye asiyeweza kulijibu, asipewe kazi.

Naomba wazee wayafikishe maneno haya kwa vijana wanaojenga mwaka huu.