Aliyelinda Mpaka Ajenge Daraja

Nimesimama kutetea jambo moja: mwanajeshi anayestaafu akawa mhandisi, fundi na mzazi hajaacha utumishi. Kilichobadilika ni nani anayemdai hesabu. Kambini alidaiwa na mkubwa wake. Uraiani anadaiwa na abiria asiyemjua na mtoto anayemwita baba. Kumvusha kutoka hesabu ile hadi hii ni kazi ya jamii nzima, nasi tumemwachia mwenyewe.

Wazee wetu hawakumwachia. Miongoni mwa Wameru, kijana aliyetahiriwa alikaa gaaru, nyumba ya vijana wapiganaji, pamoja na rika lake, akalinda mifugo na mipaka. Lakini ulinzi huo ulikuwa na kikomo. Rika la nyuma lilipokomaa, la mbele liliondoka gaaru, likaoa, likajenga miji, na baadaye wenye busara wakaingia katika mabaraza. Mtu hakupewa neno mbele ya wazee kwa sababu ya mkuki pekee; aliulizwa kwanza mji wake unatunzwaje. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro: wanawake hawakuhesabiwa ndani yake, na leo binti zetu nao ni askari. Hata hivyo, ulielewa kwamba mpiganaji hageuki mjenzi kwa siku moja wala peke yake.

Serikali ya kikoloni haikuelewa hivyo, na gharama yake inajulikana. Katika Vita vya Pili vya Dunia, karibu Wakenya 100,000 waliandikishwa jeshini. Wengine walipigana Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, barabara ikitengenezwa huku vita vikiendelea. Walirudi wakijua magari, simu za upepo na ujenzi, wakakuta kipande na ubaguzi vinawangoja. Waruhiu Itote alitoka Burma, akachochea moto wa garimoshi, kisha akaingia msitu wa Mlima Kenya akiwa Jenerali China. Sisemi alipigania uhuru kwa kukosa kazi, alipigania haki. Nasema dola iliyomfundisha mtu kazi nzito ikamnyima nafasi ya kuijenga nchi yake haina haki ya kushangaa akiipa kisogo.

Tutazame ya sasa. Tangu Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi ilipoanza, vijana wengi wa Kenya wamepitia Somalia. Katika jeshi letu wamo wachimba visima, mafundi wa mitambo na wajenzi. Mwaka 2020 walishiriki kufufua reli ya kwenda Nanyuki. Kisha mmoja wao anastaafu, na mtu aliyeendesha tingatinga za mamilioni anaketi langoni akifungulia magari ya wengine. Kulinda lango ni kazi ya heshima, ila si hiyo tuliyomlipia kujifunza. Wakati huohuo, barabara ya Embu kwenda Meru inapita daraja la Nithi, penye mteremko mkali na kona mbaya, ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Mahali kama hapo uhandisi ni suala la maadili kabla ya kuwa hesabu. Tunahitaji watu waliozoea kukagua kifaa mara mbili kwa sababu uzembe wao unaua mwenzao.

Wapo watakaosema: askari amelipwa, ana pensheni, na vijana wenye shahada wamekaa bila kazi. Hoja hiyo ni nzito. Lakini siombi mstaafu apewe zabuni kwa sababu ya medali; naomba ujuzi wake upimwe kwa haki, na akifaulu awe mwalimu wa kijana huyohuyo, ambaye ana cheti lakini hajawahi kumwaga zege mtoni. Wengine wanahofia jeshi kuingia katika mambo ya raia. Hofu yao ina msingi: mwaka 2020 Tume ya Nyama ilipohamishiwa Wizara ya Ulinzi, suala hilo lilifika mahakamani. Ila jeshi kushika shirika la umma ni tofauti na raia aliyewahi kuwa askari kushika kazi chini ya sheria za raia. Na anayesema mstaafu amezoea kutii tu amegusa ukweli: mhandisi lazima aweze kumwambia mkubwa kwamba nondo hazitoshi. Ndiyo sababu kiapo cha zamani hakitoshi, na Bodi ya Wahandisi imsajili kama inavyomsajili mwingine yeyote.

Kuna nyumba pia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyenusurika shambulio la kambi ya El Adde, Somalia, mwaka 2016 anaweza kuwa hodari kazini na mgeni mezani kwake. Mke na watoto wasiachiwe mzigo huo kwa jina la ujasiri.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Serikali za kaunti zitumie Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 kuwatambua wastaafu walio kwao na ujuzi wao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Embu vifungue njia ya kupima ujuzi uliopatikana kambini, na huduma ya ushauri nasaha ifike nyumbani, si kwa mstaafu tu bali na kwa familia yake. Nanyi wastaafu, kubalini kukaguliwa. Siku raia wa kawaida atakapowauliza saruji ilikwenda wapi, msimwonyeshe medali. Mwonyesheni vitabu vya hesabu. Hapo mtakuwa mmeendelea kuilinda Kenya.