Udongo wa Mlimani na Udongo wa Mbugani

Jioni hii twapenda kuzungumza juu ya kitu tukikanyagacho kila siku pasipo kukitazama. Watu wengi hudhani kwamba udongo uliwekwa tu duniani, nao utakuwapo sikuzote. Sivyo. Udongo hufanyika, tena hupotea. Twendeni Usukumani, kusini ya Ziwa Victoria, tukauone.

Huko viko vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, mawe ya graniti. Mchana jua huyachoma, usiku hupoa, mpaka ngozi ya jiwe hubambuka kama ganda la kitunguu. Maji ya mvua hupenya katika nyufa. Mizizi ya miti hufuata na kuzitanua. Ndani ya graniti mna chembe ngumu zing'aazo kama kioo, nazo haziozi, hubaki kuwa mchanga. Chembe nyingine, nyeupe au za rangi ya waridi, hulainishwa na maji kidogo kidogo hata zikawa udongo wa mfinyanzi. Lakini jiwe lililosagika si udongo bado. Sharti majani yaoze ndani yake, na wadudu wauchanganye. Mchwa twawachukia kwa sababu ya paa za nyumba zetu, walakini mkulima mwenye akili hupenda kupanda penye kichuguu cha kale.

Basi mvua ikinyesha, maji huteremsha vilivyo laini na kuviacha juu vilivyo vizito. Ukishuka kilimani, kwanza wakanyaga kokoto na udongo wenye wekundu. Kisha waingia katika mchanga, ambao Wasukuma huuita luseni, mwema kwa mihogo na karanga. Mbele yake ni itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini. Maji hukwama, jembe hukataa, na watu hulisha ng'ombe hapo au hujenga majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, nyeusi, yenye kunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Jiwe la kilima ni moja, na hivyo vyote vyatoka kwake.

Wazee walioyatoa majina hayo hawakuyapata kitabuni. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki ufuatanavyo hivyo mtelemkoni, akauita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wataalamu wa nchi nyingi walitumia hata leo.

Mnyororo huo hufanyika pole pole mno. Udongo wenye unene wa inchi moja huhitaji mara nyingi mamia ya miaka, yaani vizazi vingi vya watu. Kuupoteza ni kazi ya mvua za miaka michache, mtelemko ukiwa mtupu.

Anayetilia shaka na aende Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma. Miti ya vilimani ilikatwa, mifugo ikazidi, udongo wa juu ukachukuliwa, makorongo yakakata mashamba. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, jumla yao zaidi ya 80,000, wakaondolewa katika sehemu iliyoharibika. Fikirini, wasikilizaji, mfugaji kuambiwa awatoe wanyama wake wote, ambao ndio mahari ya wanawe na maziwa ya wajukuu! Waliona uchungu, nasi hatuwezi kuwalaumu. Hata hivyo nyasi ziliota tena, na vichaka vikarudi vilimani. Baadaye ng'ombe wachache wa maziwa waliruhusiwa, kwa sharti wafungwe zizini na kukatiwa majani. Lakini makorongo hayakujaa. Kingo zake nyekundu zingali zimesimama wima, na juu yake mizizi ya miti yaning'inia hewani, pale udongo ulipokuwapo.