KIASI NA ASILI: SOMO LA SEHEMU KWA AKINA MAMA WAWEKA AKIBA

(Maneno ya Kamati ya Elimu ya kikundi, yaliyosomwa katika ibada ya shukrani ya kutimiza miaka kumi)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Wapo tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki, na wapo waliojiunga juzi tu. Wote tunawakumbuka na wote tunawakaribisha.

Kamati ilipopewa nafasi ya kutoa neno la leo, tuliulizana tuseme nini ambacho hakijasemwa. Mwenyekiti ameshatoa shukrani. Mweka Hazina ameshasoma taarifa ya fedha. Tukaona kwamba baadhi yetu katika kamati ni walimu wa shule ya msingi na wengine ni wafanyabiashara wa sokoni, lakini wote tunaishi kwa hesabu. Basi tukakubaliana tuilete hesabu yenyewe mbele za Mungu, tuone itatufundisha nini. Msituchoke, ni hesabu ya watoto wa shule ya msingi tu.

Hebu tukumbushane somo la sehemu. Kila sehemu ina namba mbili, moja juu ya mstari na nyingine chini yake. Ya juu tunaiita kiasi, ya chini tunaiita asili. Tukiandika 3/4, yaani robo tatu, kiasi ni 3 na asili ni 4. Asili inatuambia kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi. Kiasi kinatuambia tumechukua vipande vingapi.

Mkiyatazama majina hayo mtaona lugha yetu imeshatufanyia nusu ya kazi. Kiasi ndicho kinachoonekana, ndicho kinachoandikwa kwenye daftari la Mweka Hazina. Asili ni kule kitu kilikotoka. Na sehemu haisomeki kwa namba ya juu peke yake. Mtu akikuambia, "Nimekula vipande vitatu," hujajua kama ameshiba mpaka akuambie mkate ulikatwa vipande vinne au mia.

Mjane na senti zake

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 12, mstari wa 41 hadi 44. Habari yake tunaijua wote. Yesu ameketi hekaluni akiangalia watu wanavyotoa sadaka. Matajiri wanatia nyingi. Anakuja mjane maskini anatia sarafu mbili ndogo kabisa. Yesu anawaita wanafunzi wake na kuwaambia kwamba mama yule ametoa kuliko wote.

Jamani, ukilisoma neno hilo kwa jicho la Mweka Hazina, hesabu haikai. Marko anatueleza kwamba sarafu zile mbili zilikuwa sawa na kodrante moja ya Kirumi. Dinari moja, ambayo ndiyo mshahara wa siku wa kibarua katika mfano wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:2), ilikuwa na kodrante 64. Kwa hiyo sadaka ya mama yule ilikuwa 1/64 ya kibarua cha siku moja. Anayefanya kazi saa nane angeipata kwa dakika saba na nusu. Ni fedha ambayo ikianguka sokoni, wengi hawainami kuiokota.

Lakini tuandike sehemu. Tuseme tajiri alikuwa na 100,000 akatoa 10,000. Hiyo ni 10,000/100,000, sawa na 1/10. Mjane alikuwa na sarafu 2 akatoa 2. Hiyo ni 2/2, nayo 2/2 ni moja, kitu kizima. Sasa niambieni, moja ya kumi na kizima, kipi kikubwa? Yesu hakukosea hesabu wala hakuwa anampa mama yule maneno ya kumfariji. Watu walisoma kiasi, yeye alisoma kiasi pamoja na asili.

Hapa tuwe waangalifu, maana habari hii hutumiwa vibaya. Wapo wanaoishika ili kumwambia maskini, "Toa vyote." Mrudi nyuma mstari mmoja tu, Marko 12:40. Pale Yesu anawashutumu walimu wa sheria waliokuwa wakimaliza mali za wajane huku wakisali sala ndefu. Ndipo mjane anatokea. Kwa hiyo aliyeisifu imani ya mama yule ndiye huyohuyo aliyewaonya wanaomla. Kikundi chochote kinachoshika fedha za wajane, na chetu kikiwemo, kisome mistari yote miwili pamoja.

Asili ya shirika

Twende kwenye kujumlisha. Mpe mtoto ambaye hajafundishwa 1/2 + 1/3. Atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate 2/5. Sasa angalieni ajabu yake: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2! Alikuwa na nusu, akaongezewa theluthi, akaishia na pungufu ya nusu. Anaunganisha vitu huku anapata hasara, na wala hajaibiwa na mtu.

Mwalimu humwambiaje? Humwambia, "Tafuta kwanza asili inayolingana." Tunatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, ile KDS tuliyoikariri. Kwa 2 na 3 ni 6. Nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, jumla ni 5/6. Na ile nusu haikupungua kitu kwa kuitwa 3/6. Tumeizidisha juu na chini kwa namba ileile, na hiyo ni sawa na kuizidisha kwa moja. Imebadilika sura, thamani yake imebaki palepale.

Neno hilo shirika si geni kanisani. Ndilo Biblia yetu ya Union inalotumia katika Matendo ya Mitume 2:44, inapoeleza jinsi waumini wa kwanza walivyoshika mali zao. Ndipo tunapopata ushirika, na wenzetu Walutheri huita Meza ya Bwana Ushirika Mtakatifu. Hesabu na kanisa wanakunywa kisima kimoja.

Sisi katika kikundi hiki tuna mwenye duka na muuza mchicha. Tuna mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa mwezi, na tuna mama anayesubiri mvua. Wapo Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, na dada zetu Waislamu ambao leo wametuvumilia kwa mahubiri haya. Tukijumlishana juu kwa juu, kipato kwa kipato, tutapata 2/5. Mwenye duka ataona anavutwa chini, muuza mchicha ataona anadharauliwa, na kila mmoja ataondoka na pungufu ya alichokuja nacho. Vikundi vingi vimevunjika hivyo, na hakuna aliyeiba.

Asili yetu ya shirika ni ipi basi? Kitabu cha Mwanzo 1:27 kinatujibu: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hiyo ndiyo namba iliyo chini ya mstari wa kila mmoja wetu, mwenye mshahara na asiye nao. Na Paulo anawaandikia Wagalatia (3:28) kwamba ndani ya Kristo hao wote waliotofautiana ni mmoja. Mwenye duka anabaki na duka lake kama nusu ilivyobaki nusu. Ila sasa anaweza kujumlishwa.

Tunathubutu kusema zaidi. Sisi Wakristo tunaamini kwamba Mungu hakutuokoa akiwa mbali, akiturushia msaada kutoka ng'ambo ya mto. Wafilipi 2:6-7 inatufundisha kwamba Kristo alijishusha akawa mwanadamu. Alitwaa asili yetu ili aweze kuhesabiwa pamoja nasi, aone njaa, achoke, alie kaburini kwa rafiki. Wala hakuacha kuwa Mungu kwa kufanya hivyo. Mtoto wa shule aliyeelewa kwa nini 3/6 bado ni nusu, ameshapewa mlango mdogo wa kuchungulia fumbo hilo.

Ukiipunguza asili

Ipo hila moja ya sehemu ambayo kila mtu anaijua hata kama hakusoma. Ukiwa na mikate 12 na watu 4, kila mmoja anapata 3. Watu wakiwa 3, kila mmoja 4. Wakiwa 2, kila mmoja 6. Akibaki mmoja, yote 12 ni yake. Kumbe ukitaka fungu lako liongezeke, huhitaji kuoka mkate mwingine. Punguza watu tu!

Ndivyo alivyofikia yule tajiri wa Luka 12:16-21. Shamba lilizaa sana, na mtu wa kuzungumza naye hakuwapo. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anajipongeza mwenyewe. Asili imebaki 1. Na usiku uleule naye akaitwa. Sasa mikate 12 kwa watu sifuri ni mingapi kwa kila mtu? Muulizeni mwalimu yeyote, atawaambia swali hilo halina jibu. Huwezi kugawanya kwa sifuri. Mikate ipo mezani, mlaji hayupo.

Tulinganishe na wenzetu wa zamani. Katika Misri ya kale, karani mmoja aitwaye Ahmose alinakili hesabu kwenye mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mafunjo hayo yapo hadi leo British Museum, London. Ndani yake mna maswali ya kugawa mikate kwa watu 10. Mikate 6 kwa watu 10 wanafanyaje? Jibu lake ni 1/2 na 1/10 kwa kila mtu. Kata mikate mitano nusunusu, upate nusu kumi. Mkate wa sita ukate vipande kumi. Kila mtu anashika nusu moja na kipande kimoja, vilevile kama jirani yake. Hakuna wa kunung'unika, maana usawa unaonekana kwa macho. Mikate haikutosha, lakini katika jibu lile hakuna aliyetolewa mlangoni ili itoshe.

Mwisho wa mfano

Kila mfano una mwisho wake, na huu nao unao. Katika Marko 6, wanaume 5,000 wameketishwa kwa vikundi vya mia na vya hamsini, na mikate iliyopo ni 5. Hesabu inasema 5/5,000, yaani mkate mmoja kwa watu elfu moja. Watu wakala wakashiba, vikabaki vikapu 12. Hapo chaki inawekwa chini. Hesabu inaweza kutuonyesha namna ya kugawa bila kudhulumu, lakini haimpi mtu moyo wa kugawa. Moyo huo tunauomba kwa Mungu.

Hoja iliyo mbele yetu

Ndugu Mwenyekiti, tunajua leo ni sikukuu na si mkutano mkuu. Lakini sote tunaijua hoja inayokuja: kwamba hisa ya chini ipandishwe kutoka Sh. 2,000 hadi Sh. 10,000 kwa wiki, na asiyeweza ajitoe kwa amani. Walioileta si watu wabaya. Wanasema bei zimepanda, mtaji ni mdogo, na mikopo inachelewa. Yote hayo ni kweli.

Sisi wa kamati tunaomba tu kabla hatujanyoosha mikono tujiulize: je, tunaoka mkate mwingine, au tunapunguza watu? Mama anayeleta Sh. 2,000 kila wiki kwa miaka kumi, jua na mvua, kiasi chake ni kidogo. Asili yake mnaijua nyie mnaokaa naye mtaa mmoja. Wengine wetu tunaleta Sh. 10,000 na hatujui kama imetoka. Yeye akileta ile yake, nyumbani kwake wanajua.

Tunapendekeza hisa ya chini ibaki Sh. 2,000, na mwenye uwezo aruhusiwe kununua hisa tano kwa wiki. Mtaji utakua, gawio la kila mmoja litafuata hisa zake, na hakuna atakayetolewa. Mfuko wa jamii uendelee kuchangiwa sawasawa, kwa sababu msiba haumuulizi mtu ana hisa ngapi. Kura ni zenu, nasi tutaheshimu uamuzi wa wengi.

Sanduku letu lina makufuli matatu na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Siku zote hizi halijafunguka kwa mkono wa mmoja. Hata tajiri kuliko wote hapa hawezi kulifungua peke yake.

Mungu wetu, uliyetuumba kwa mfano wako, utujumlishe.