Fremu ya Chuma Hutegemea Kiungo

Mazungumzo kwa wakazi wanaojenga maduka, vibanda na vivuli vya magari kwa fremu za chuma



Duka lenye mlango mpana haliwezi kuwekewa chuma cha mshazari pale wateja wanapopita. Fremu yake haianguki kwa sababu moja: pembe inayounganisha boriti na nguzo haigeuki. Upepo ukivuma, kiungo hicho kilichochomelewa ndicho kinachoizuia isilale.

Hesabu yake si ngumu. Chukua fremu ya nguzo mbili za mita 3, ambazo bolti za chini hazizuii kuinama. Upepo ukiisukuma kwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 400, kila nguzo hupokea 200. Zidisha kwa mita 3, upate 600. Boriti ya umbo la I huipokea nguvu hiyo kwa bapa zake mbili, ya juu na ya chini. Kina chake kikiwa sentimita 20, gawanya 600 kwa 0.2: ubapa mmoja unavutwa kwa tani 3, mwingine unasukumwa kwa tani 3. Kina kikiwa sentimita 10, zinakuwa tani 6. Uzito wa paa bado haujahesabiwa.

Kwa hiyo kudonoa weldi hapa na pale hakutoshi. Kutu na rangi ziondolewe kwanza, kisha kila ubapa uchomelewe upana wake wote. Mkabala na kila ubapa, nguzo iongezwe vipande vya chuma vya kuikaza isibonyee. Kiungo kiwe imara kuliko boriti, ili mzigo ukizidi, boriti ipinde na kuonya watu kabla kiungo hakijakatika.

Tarehe 17 Januari 1994, tetemeko la Northridge, Los Angeles, nchini Marekani, lilipasua viungo vya aina hii katika majengo zaidi ya 100. Nyufa nyingi zilianzia kwenye weldi ya ubapa wa chini. Kwa kuwa dari na kuta zilizificha, majengo mengi yalionekana mazima.

Kabla ya kununua vyuma, mwenye jengo amtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na ramani iidhinishwe na kaunti. Rangi isipakwe hadi viungo vikaguliwe. Ikishapakwa, weldi mbovu na nzuri hufanana.