Tugeuze Pakiti Kabla ya Kupeleka Zawadi Nyumbani



Nimeombwa niseme machache kuhusu chakula na afya. Mimi si daktari, ni mhasibu. Kazi yangu ni kusoma karatasi ambazo wengine hawapendi kuzisoma. Leo nawaomba tusome moja pamoja: lebo iliyo nyuma ya pakiti.

Kwa miaka kadhaa, kila Desemba nilipopanda basi kwenda Same, nilimbebea mama boksi la juisi. Pakiti ilikuwa na picha ya embe lililokatwa na maneno "ina vitamini C". Mama ana kisukari. Soda alikwisha kuiacha, lakini juisi aliinywa bila wasiwasi kwa sababu imeletwa na mwanawe. Krismasi moja sukari yake ilipanda tukampeleka zahanati usiku. Niliporudi nikaigeuza ile pakiti. Viambato: maji, sukari, halafu ndipo embe. Viambato hupangwa kwa uzito. Kilicho kingi ndicho kinachotangulia. Nilikuwa nimesafirisha maji ya sukari kutoka Dar es Salaam, na mwembe wa mama uko pale uani.

Hakuna neno la uongo lililoandikwa pale. Vitamini ilikuwemo. Ila mbele ya pakiti ni tangazo, nyuma ndiko kwenye hesabu, na mimi mhasibu niliishia kwenye jalada.

Sasa tupige hesabu. Chupa ya mililita 500 ikiandikwa gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, msiishie kwenye 11. Zidisheni mara 5: gramu 55. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo humo mna karibu vijiko 14. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chupa moja tu imemaliza bajeti ya siku.

Ndugu zangu, wazee wetu wengi hawaoni maandishi madogo yale, na wanatuamini. Tuwasomee sisi. Makande, ndizi na chai ya tangawizi ya milimani kwetu havina tangazo kwenye televisheni, lakini kilichomo tunakijua.

Katika bahasha ya mchango mtaona mstari wa mashine ya kupimia sukari kwa ajili ya zahanati yetu. Naomba fedha ya boksi la juisi la mwaka huu tuiandike hapo. Yangu nimeshaiandika.