Kuba na Jirani Yake Mkubwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo twawaomba tusafiri pamoja kwa mawazo mpaka kisiwa cha Kuba. Kutoka ncha ya Florida, nchini Marekani, mpaka huko ni maili 90 tu. Huenda mtu akauliza: mambo ya Kuba yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa kuwa kila nchi ndogo inayoshughulika na nchi yenye nguvu ina jambo la kujifunza hapo.

Wakuba walianza tena kupigana na Wahispania mwaka 1895, wakitaka kujitawala. Mwaka 1898 Marekani ikaingia vitani, na Hispania ikashindwa. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris, Desemba mwaka huo, na Wakuba wenyewe hawakuitwa mezani. Bendera yao ilipopandishwa tarehe 20 Mei 1902, katiba yao ilikuwa imekwisha kutiwa sharti lililoitwa la Platt: kwamba Marekani ina haki ya kuingilia mambo ya Kuba, na kwamba itapewa ardhi ya vituo vya manowari. Bila kukubali sharti hilo, jeshi la Marekani lisingeondoka.

Fikirini, ndugu zetu. Mtu akikurudishia nyumba yako, lakini ufunguo mmoja akabaki nao mfukoni, je, utalala usingizi? Na ufunguo huo ulitumika. Mwaka 1906 Marekani ilirudi, ikatawala kisiwa mpaka 1909.

Sasa tazameni Guantánamo. Kituo hicho kilikodishwa mwaka 1903. Sharti la Platt lilifutwa 1934, watu wakashangilia. Lakini mkataba mpya wa mwaka huo ulisema kwamba kituo kitabaki mpaka pande zote mbili zikubaliane kukimaliza, au Marekani yenyewe ikiache. Yaani mwenye shamba peke yake hana uwezo wa kumwondoa mpangaji! Kodi yenyewe ni dola 4,085 kwa mwaka. Serikali ya Fidel Castro, iliyoshika nchi mwaka 1959, ilichukua fedha za hundi moja tu, kisha ikazikataa zote zilizofuata. Hundi zimekataliwa, na mpangaji hakuhama.

Mwaka 1960 ugomvi ulikuja juu ya mafuta, sukari na mali. Kuba ilitaifisha makampuni ya Kimarekani, Marekani ikakata ununuzi wa sukari, na kila upande ukazidisha. Januari 1961 Marekani ikavunja uhusiano wa kibalozi. Aprili mwaka huo Wakuba waliokimbia nchi, waliofunzwa na Marekani, walivamia kisiwa wakashindwa. Februari 1962 biashara ikafungwa.

Lakini hatuji hapa kusimulia nusu ya habari. Kuba iliyokwepa mkubwa mmoja ilimwegemea mwingine, Urusi ya Kisovieti. Oktoba 1962, dunia ilipokaribia vita vya nyuklia, Khrushchev alipatana na Kennedy kuondoa makombora yaliyokuwa Kuba bila kumshauri Castro. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na hata wapatanapo, nyasi haziulizwi. Kisovieti kilipovunjika mwaka 1991, Kuba ilipoteza mnunuzi wake mkubwa, na wananchi wakaona njaa.

Desemba 2014 Barack Obama na Raúl Castro walitangaza kupatana. Balozi zilifunguliwa tarehe 20 Julai 2015, na mwaka 2016 Obama alifika Havana, Rais wa kwanza wa Marekani kufika huko akiwa madarakani tangu 1928. Hata hivyo vikwazo vilikuwa vimekwisha kuwekwa katika sheria ya mwaka 1996, na Rais peke yake hawezi kuifuta. Aliyemfuata Obama alikaza tena kamba kuanzia 2017. Katika Umoja wa Mataifa, mwaka 2024, nchi 187 zilipiga kura vikwazo viondolewe. Mbili tu, Marekani na Israel, zilipinga. Vikwazo havikuondoka.

Hatusemi haya kwa kuwachukia Wamarekani. Twasema ili tujue kwamba kupeana mikono si dhamana. Urafiki wa wakubwa huweza kugeuka kwa uchaguzi mmoja, lakini mkataba uliotiwa sahihi huishi kuliko waliouandika.

Basi, ndugu wanachama, siku mkataba wowote ukiletwa mbele yenu, uwe wa bandari, wa ardhi au wa mkopo, msiulize kwanza tutapata nini. Ulizeni: utakwisha lini, na nani ana uwezo wa kuuvunja? Na mazao yetu yana wanunuzi wangapi? Mjumbe asiyeweza kuwajibu maswali hayo, mwambieni arudi akausome tena.